Mizani ya Haki Katika Soko la Ng'ombe



Maandiko Matakatifu hayaoni aibu kuzungumzia mizani. Sheria ya Musa ilidai vipimo vilivyo sawa. Kitabu cha Mithali kinaihesabu mizani ya hila miongoni mwa mambo yanayomchukiza Mungu. Nabii Amosi aliwakemea wafanyabiashara walioingoja Sabato ipite upesi, ili warudi kupunguza kipimo na kupandisha bei. Kumbe mahali ambapo mtu anauza jasho lake ni mahali panapoihusu imani. Hapo amri za Mungu hushikwa au huvunjwa kila juma, mbele ya macho ya watu wote.

Kwa sababu hiyo tumeona vema kutoa kurasa hizi kwa gulio moja la ng'ombe lililo mbali nasi, katika mashamba ya Ufaransa, ambalo tulijaliwa kulitembelea. Hatuandiki ili kuisifu Ulaya, wala ili kuilaumu. Twaandika kwa sababu gulio lile lina umri wa zaidi ya miaka mia tano, na katika umri huo wakulima wake wamejaribu njia nyingi za kumkutanisha muuzaji na mnunuzi. Mwenye kujaribu sana ana mengi ya kufundisha, kwa mafanikio yake na kwa hasara zake. Tutafuata njia ile tuliyoizoea katika Jumuiya zetu: kuona, kuamua na kutenda.

KUONA

Kusini mwa Bourgogne, katika mkoa wa Saône-et-Loire, kuna nchi ya vilima vya chini na majani mengi iitwayo Brionnais. Si nchi ngeni kwa Wakatoliki. Karibu nayo uko mji wa Paray-le-Monial, ambako Mtakatifu Margareta Maria Alacoque alitokewa na Bwana wetu kati ya mwaka 1673 na 1675, na kutoka huko ibada ya Moyo Mtakatifu wa Yesu ikaenea mpaka kwenye parokia zetu. Katika Semur-en-Brionnais alizaliwa mwaka 1024 Mtakatifu Hugo, aliyekuwa abate wa Cluny kwa miaka sitini. Mahujaji huja Paray, husali, hununua medali, hurudi makwao. Wachache hushika barabara ya kusini iendayo Saint-Christophe-en-Brionnais, kijiji chenye wakazi mia chache tu, ambacho siku ya gulio huwa na ng'ombe wengi kuliko watu.

Kijiji hicho kilipewa na mfalme Charles VIII, mwaka 1488, hati ya kuwa na magulio. Kwa miaka mingi siku ya gulio ilikuwa Alhamisi, tangu alfajiri kabla jua halijachomoza; siku hizi ni Jumatano. Jambo la kwanza linalomgusa mgeni ni weupe. Ng'ombe wa aina ya Charolais ni weupe kama maziwa, nao husimama wamefungwa kwa kamba kwenye vyuma, safu baada ya safu. Jike lililokomaa huwa na kilo 700 hadi 900, na fahali huweza kupita tani moja. Kitabu cha koo za ng'ombe hawa kilifunguliwa huko Nevers mwaka 1864, hata baba na mama wa mnyama wajulikane kwa maandishi. Kila mmoja huvaa hereni zenye namba masikioni, na namba hiyo humfuata tangu kuzaliwa hata machinjioni.

Namna ya kale ya kuuza ilikuwa shauri la watu wawili. Mnunuzi, amevaa joho jeusi la kazi na fimbo mkononi, alimzunguka mnyama, akampapasa mgongo, mbavu na shina la mkia ili aujue unono wake, kisha akamnong'oneza mwenyewe bei. Mwenyewe alitikisa kichwa. Mnunuzi alikwenda zake, akarudi. Walipokubaliana walipigana viganja, na tangu hapo hapakuwa na kurudi nyuma, maana neno lilikwisha kutoka. Mnunuzi alichukua mkasi akakata alama katika manyoya ya nyonga. Baadaye walilipana noti mkononi penye ukuta ambao watu wa kijiji waliupa jina la Ukuta wa Fedha, kisha wakaingia mikahawani kula nyama ya ng'ombe iliyochemshwa pamoja na mboga.

Kuna uzuri katika mambo hayo, nasi hatutaki kuudharau. Watu walitazamana usoni. Neno la mtu lilikuwa na thamani kuliko karatasi. Lakini tuangalie vizuri. Bei ilinong'onwa. Mfugaji aliyesimama hatua tatu kutoka kwa jirani yake hakujua jirani amepewa kiasi gani. Mnunuzi, kwa upande wake, alikuwa amekwisha kunong'ona na watu ishirini, na bei zote alikuwa nazo kichwani. Mmoja alijua soko zima. Mwingine alijua ng'ombe wake tu. Basi ni nani aliyekuwa na nguvu?

Wafugaji wenyewe walitambua jambo hilo. Yasimuliwa kwamba mwaka 1747 mtu mmoja wa kijiji jirani cha Oyé, jina lake Emiland Mathieu, aliswaga kundi lake la ng'ombe wanono kwa miguu mpaka soko la Poissy, karibu na Paris. Safari hiyo ilikuwa na maana kubwa. Yule aliyezoea kupokea bei ya kijijini alikwenda mwenyewe kuitazama bei ya mjini. Baada yake wanenepeshaji wa Brionnais walifuata njia hiyo, na nyumba kubwa za mawe wanazoonyeshwa wageni hata leo zilijengwa kwa faida ya biashara hiyo.

Tangu mwaka 2009 Saint-Christophe ina pia namna mpya ya kuuza. Mnyama huingia katika uwanja mdogo uliozungukwa na viti, kama jukwaa la mchezo. Uzito wake hupimwa, na ubao wa taa huuonyesha kwa watu wote. Wanunuzi huketi kimya wakibonyeza kitufe, na bei hupanda ubaoni hatua kwa hatua. Mfugaji huiona, jirani yake huiona, hata mtoto wa shule aliyekuja na babu yake huiona. Mwenye ng'ombe akiona bei haimridhishi, ana haki ya kumrudisha mnyama wake. Hakuna tena wa kunong'onezwa. Wazee wengine hulalamika kwamba mashine imeua mazungumzo, na tunawaelewa. Lakini ubao ule umempa mfugaji mdogo kitu ambacho karne tano za kupigana viganja hazikumpa, yaani kujua anachokijua mwenzake.

Yako pia mashindano. Katika wilaya nyingi za Ufaransa kuna vyama vya wakulima vya kuandaa maonyesho ya mifugo, na sheria ya kuviongoza ilitungwa tangu mwaka 1851. Mnyama huoshwa, hupigwa brashi, huchanwa mkia. Majaji hutembea taratibu, hupapasa, hunong'onezana, hatimaye humweka mmoja mbele ya wengine. Mshindi hupewa kibao cha chuma, na mfugaji hukipigilia misumari juu ya mlango wa zizi. Tumeona mazizi yenye vibao vya babu, vya baba na vya mwana, vimepangwa mstari mmoja kama picha za Njia ya Msalaba.

Basi tulipotazama vibao hivyo tulitamani kujua hali ya wenye mazizi. Hapo ndipo furaha ya gulio inapokutana na habari nyingine. Mwaka 1970 Ufaransa ilikuwa na mashamba ya familia na ya kampuni karibu milioni 1.6. Sensa ya kilimo ya mwaka 2020 ilihesabu yapata 390,000 tu. Katika miaka kumi kabla ya sensa hiyo, mashamba laki moja yalitoweka, mengine yakamezwa na jirani, mengine yakakosa mrithi. Wastani wa umri wa mwenye shamba umepita miaka 50. Wafugaji wa ng'ombe wa nyama wamo miongoni mwa wakulima wenye kipato kidogo kuliko wote, na wengi wao wangepata hasara kila mwaka kama si ruzuku ya Umoja wa Ulaya. Ndama dume wengi wa Charolais hawanenepeshwi tena katika majani ya Brionnais, bali hupakiwa kwenye malori wakiwa wachanga na kupelekwa Italia, na faida ya kunenepesha hubaki huko. Na jambo la kusikitisha zaidi: wakulima wa Ufaransa hujiua kwa kiwango kinachozidi kile cha wananchi wengine. Madeni, upweke na kazi isiyo na Jumapili ndivyo vinavyotajwa mara kwa mara.

Ndiyo maana mwishoni mwa mwaka 2023 wakulima walianza kuvigeuza juu chini vibao vya majina ya vijiji vyao, wakitaka kusema kwamba mambo ya nchi yanatembea kichwa chini miguu juu. Mwezi Januari 2024 matrekta yao yalifunga barabara kuu zielekeazo Paris.

KUAMUA

Tukiyapima mambo haya kwa nuru ya Injili na ya mafundisho ya Kanisa, tunaona ukweli mmoja ambao tungependa kila msomaji aushike: heshima siyo haki. Mtu anaweza kupewa kibao, utepe, makofi na hotuba ya mkuu wa mkoa, na bado akarudi nyumbani na bei isiyolipa majani aliyomlisha mnyama wake. Siku ya maonyesho ni moja. Siku za kuuza ni nyingi. Haki ya mfugaji hupimwa katika zile siku nyingi.

Papa Leo XIII, katika waraka wake Rerum Novarum wa mwaka 1891, alifundisha jambo kuhusu mshahara ambalo twaweza kulipeleka moja kwa moja mnadani. Alisema kwamba makubaliano ya watu wawili hayatoshi kuufanya mshahara uwe wa haki, kwa sababu mfanyakazi mwenye dhiki hukubali lolote. Basi na kupigana viganja ni vivyo hivyo. Ikiwa mmoja anauza kwa sababu anataka, na mwingine anauza kwa sababu mtoto amefukuzwa shule kwa kukosa ada, viganja viwili vimekutana lakini uhuru ni wa mmoja. Wanaosema "alikubali mwenyewe" wasidhani wamejibu swali la haki. Wamelikwepa.

Papa Yohane XXIII, mtoto wa wakulima wa Sotto il Monte, alilijua jambo hili kwa maisha yake. Katika Mater et Magistra, mwaka 1961, aliandika kurasa nyingi juu ya kilimo kama sekta iliyoachwa nyuma, akadai kodi, mikopo, bima na bei zipangwe kwa kumjali mkulima, na tena akawahimiza wakulima wenyewe waungane, kwa kuwa sauti ya mmoja mmoja haisikiki. Papa Yohane Paulo II, katika Laborem Exercens ya mwaka 1981, alirudia kwamba kazi ya shamba ina hadhi yake na kwamba mabadiliko makubwa yanahitajika ili mkulima apewe nafasi aliyostahili.

Mafundisho hayo hayakubaki vitabuni. Mwaka 1929 kilizaliwa Ufaransa chama cha vijana wakulima Wakatoliki, Jeunesse Agricole Catholique. Walikuwa wavulana na wasichana wa parokia za mashambani, wengi wao wenye elimu ya shule ya msingi tu, waliokutana jioni kuzungumza juu ya zizi, deni, urithi na ndoa, wakitumia njia hii hii ya kuona, kuamua na kutenda. Kutoka kwao walitoka viongozi wa ushirika na wa vyama vya wakulima, kama Michel Debatisse. Kizazi hicho kilichangia sana sheria za mwaka 1960 na 1962, zilizounda vyombo vyenye haki ya kutangulia kununua shamba linalouzwa, ili lisimezwe na tajiri bali limfikie kijana anayetaka kulima. Kabla yake, sheria ya mwaka 1946 ilikuwa imempa mkulima mpangaji mkataba wa miaka tisa na haki ya kuendelea. Mtu aliyelima shamba la mwingine hakuweza tena kufukuzwa baada ya kurutubisha udongo.

Hata hivyo tusiipambe historia. Vijana wale walitaka mashine, mbolea na mashamba makubwa zaidi, na njia hiyo hiyo ndiyo iliyowatoa wengi mashambani. Bernard Lambert, aliyelelewa katika chama hicho hicho, alisimama baadaye kulisema hilo waziwazi katika kitabu chake cha mwaka 1970. Twajifunza kwamba hata walei wema na wenye bidii hupaswa kuendelea kuuliza: maendeleo haya yanawaacha nje akina nani?

Miongoni mwa walioachwa nje kwa muda mrefu walikuwa wanawake. Mke wa mfugaji aliamka kukamua, alizalisha ndama usiku, aliandika hesabu za shamba, na katika karatasi za serikali alihesabiwa kuwa hana kazi. Ilimpasa angoje mpaka mwaka 1999 ndipo sheria ikampa hadhi kamili ya mshiriki wa kazi ya mumewe, yenye haki ya pensheni. Vibao juu ya mlango wa zizi vilikuwa na jina la mume. Msomaji asiharakishe kuwashangaa Wafaransa kabla hajatazama nani anayekamua nyumbani kwake, na nani anayetia fedha mfukoni.

Tena yatupasa tuseme juu ya ruzuku, kwa sababu hapo gulio la Ufaransa linaigusa Afrika. Si dhambi kwa taifa kumsaidia mkulima wake. Lakini msaada unaweza kuvuka mpaka na kuwa jeraha. Katika miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990, nyama ya Ulaya iliyogandishwa, ikisukumwa na ruzuku ya kuuza nje, ilifika katika bandari za Afrika Magharibi kama Abidjan kwa bei ambayo wafugaji wa Mali na Burkina Faso hawakuweza kushindana nayo. Mfugaji wa Saône-et-Loire hakuwa adui wa mfugaji wa Mali. Wote wawili walikuwa wakipokea bei iliyopangwa mahali wasipoalikwa. Mashirika mengi, yakiwamo ya Kikristo, yalipiga kelele, na ruzuku ile ikapunguzwa. Hatimaye, mwezi Desemba 2015, nchi wanachama wa Shirika la Biashara Duniani ziliamua mjini Nairobi kuziondoa ruzuku za kuuza nje mazao ya kilimo. Ilichukua miaka mingi, lakini ilitokea.

Na huko Ufaransa kwenyewe? Sheria ya mwaka 2018, ikafuatwa na nyingine ya mwaka 2021, zimejaribu kuigeuza hesabu: bei isianzie dukani na kushuka mpaka zizini, bali ianzie kwenye gharama za mfugaji na kupanda. Wakulima waliofunga barabara mwaka 2024 walilalamika kwamba sheria hizo haziheshimiwi. Twaona basi kwamba mizani ya kweli huonyesha uzito wa kweli, na ubao wa wazi huonyesha bei ya kweli ya siku ile. Swali kama bei hiyo inatosha kumlisha aliyefuga hubaki bila jibu mpaka watu walidai jibu kwa pamoja.

KUTENDA

Watauliza wengine: Padre ana habari gani na mambo ya mnada? Tunajibu kwamba mwaka 470 hivi, katika mji wa Vienne kandokando ya mto Rhône, askofu Mamertus aliwaongoza waamini wake katika maandamano ya kuomba rehema ya Mungu wakati wa maafa. Kutoka hapo ilienea katika Kanisa desturi ya kuyabariki mashamba kabla ya sikukuu ya Kupaa Bwana. Kanisa linalobariki ndama haliwezi kunyamaza ndama huyo anapopunjwa. Anayenyunyiza maji ya baraka asubuhi zizini na auulize mnada jioni ulikwendaje.

Katika minada mingi ya kwetu mnyama huuzwa kwa kukadiriwa kwa macho. Jicho la dalali limezoea kukadiria. La mama mjane aliyeleta fahali wake mmoja halijazoea. Hatuhitaji kungoja ubao wa taa. Tunapendekeza mambo manne ambayo kila parokia yenye wafugaji yaweza kuyaanza.

La kwanza ni mizani. Kamati ya Haki na Amani ya parokia iende kwa uongozi wa kijiji na wa halmashauri iulize: mnada wetu una mizani? Kama ipo, inafanya kazi? Imekaguliwa lini? Kama imefungiwa stoo, ni kwa faida ya nani?

La pili ni habari ya bei. Emiland Mathieu alitembea mpaka Poissy. Leo simu hufanya safari hiyo kwa dakika moja. Mlei mmoja mwaminifu aweza kuuliza kila juma bei ya mnada mkubwa wa mkoa na ya mjini, na kuibandika kwenye ubao wa matangazo wa kigango, kando ya zamu za kusafisha kanisa. Mfugaji akijua bei ya mjini hatalazimika kukubali ya kwanza atakayonong'onezwa.

La tatu ni kuungana. Tanzania imekwisha kuonja faida na matatizo ya kuuza kwa pamoja na hadharani kwa njia ya stakabadhi ghalani, iliyowekewa sheria mwaka 2005 na kutumika hasa katika korosho. Wafugaji nao wanaweza kukusanya wanyama wao, kukodi lori moja, na kuuza kwa sauti moja. Lakini ushirika usio na hesabu za wazi ni dalali mpya tu mwenye muhuri. Viongozi wake wasomewe mapato na matumizi mbele ya wanachama wote, wanawake wakiwamo.

La nne ni kumwondolea mwenye dhiki lazima ya kuuza. Mtu anayeuza Januari kwa ajili ya ada huuza vibaya. Mfuko wa Jumuiya wa kuweka na kukopa, hata uwe mdogo, humpa mzazi wiki chache za kungoja. Wiki hizo zaweza kuwa tofauti kati ya bei ya njaa na bei ya haki. Na hapo ndipo upendo wa Kikristo unapoonekana ukifanya kazi, kwa sababu anayekopeshwa leo amewezeshwa kusema "hapana" mnadani kesho.

Kila tarehe 8 Agosti, sikukuu ya Nane Nane, ng'ombe bora wa kwetu nao huzungushwa uwanjani, na mwenyewe hupongezwa. Tushangilie, maana amestahili. Kisha siku ya pili yake twende naye mnadani, tusimame karibu na mizani, tusome namba.

MASWALI YA KUTAFAKARI KATIKA JUMUIYA

1. Mara ya mwisho ulipouza mnyama au zao, ni nani aliyetaja bei kwanza? Ulijua jirani yako alipata kiasi gani?

2. Katika familia yako, anayefanya kazi ya mifugo na anayepokea fedha ni mtu mmoja? Mmezungumza juu ya jambo hilo?

3. Mizani ya mnada wetu iko wapi? Ni nani kati yetu atakwenda kuuliza, na atatuletea jibu lini?

4. Yuko mwanajumuiya anayelazimika kuuza mwezi huu kwa sababu ya ada, ugonjwa au deni? Tufanye nini kabla ya siku ya mnada?